Dada Yangu, Wewe Hukunajisika

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuisikia dua ya aliyedhulumiwa hata kama hakuna mwingine anayeisikia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake wote.



Kamati ya akina dada imeniomba niandike juu ya jambo ambalo kwenye minbari zetu hutajwa kwa nadra: mtoto wa kike aliyeingiliwa au kuchezewa mwili wake akiwa mdogo, na yale yanayomkuta moyoni na akilini akishakuwa mwanamke mzima. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, na sasa nimerudi chuoni kuongeza elimu. Kila Alhamisi baada ya Asri nakaa na akina dada kwenye darsa. Yapo maswali yanayoulizwa mbele ya wote, na yapo yanayoulizwa wakati wa kukunja mikeka, wengine wakiwa wameshatoka. Makala hii inajibu yale ya kwenye mikeka. Sitasimulia kisa cha mtu yeyote, kwa sababu amana ni amana.

Jambo lenyewe ni kubwa kiasi gani

Mwaka 2018 serikali ya Uganda ilitoa matokeo ya uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto. Katika vijana wa miaka 18 hadi 24, wanawake asilimia 35 walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Wanaume walikuwa asilimia 17. Uchunguzi wa namna hiyo uliofanywa Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana watatu katika kila kumi, na ule wa Kenya wa mwaka 2010 haukuwa mbali na hapo. Ndani ya hesabu hizo wamo walioshikwashikwa bila ridhaa, waliojaribiwa, na waliolazimishwa kabisa.

Hesabu hizo hazikufanywa chuoni kwetu. Lakini sisi tumetoka katika nyumba hizo hizo, mitaa hiyo hiyo, na bweni hizo hizo. Kwa hiyo unaposimama kwenye safu ya swala, usidhani kwamba jambo hili ni la watu wa mbali. Na ndugu zangu wa kiume, nanyi someni hadi mwisho, kwa sababu wamo miongoni mwenu waliofanyiwa, na wamo watakaooa waliofanyiwa.

Neno linaloumiza

Mtoto akifanyiwa uovu huu, Kiswahili cha mahakamani na magazetini husema kwamba "amenajisiwa". Mitaani husema "ameharibiwa". Mtoto analisikia neno hilo na kulibeba. Mkosaji ni mwingine, ila neno la uchafu linabaki juu yake yeye. Nimewasikia wasichana wenye elimu ya chuo kikuu wakiuliza kama swala yao inakubaliwa, kama wana haki ya kushika Msahafu, kama kuna josho litakaloondoa jambo lililotokea walipokuwa na miaka saba.

Turudi kwenye fiqhi. Najisi ni nini? Ni kitu: damu, mkojo na mfano wake. Kina hukumu zake na kina namna ya kukiondoa. Ama mtu, imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Abu Hurayra alikutana na Mtume (S.A.W.) katika njia ya Madina akiwa na janaba, akaona haya, akajiondoa kwenda kuoga. Aliporudi na kueleza sababu, Mtume alistaajabu na kumfahamisha kwamba muumini hawi najisi. Huyo alikuwa mtu mzima mwenye hadathi ya kweli, iliyomlazimu josho. Je, mtoto ambaye hakutenda lolote, bali alitendewa?

Basi dada yangu, lishike hili kama hukumu ya dini, usilione kuwa ni maneno ya kukubembeleza. Wewe hukunajisika. Aliyefanya uovu ule ndiye aliyejichafua mwenyewe. Hakuna josho unalodaiwa kwa jambo lile leo, hakuna kafara, na hakuna toba, kwa sababu toba ni ya mwenye dhambi.

Dalili zake ni nyingi. Ya kwanza, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu ya kuandika madhambi imenyanyuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Ya pili, hata aliyekwisha baleghe, akilazimishwa hana dhambi. Katika Suratun Nur, aya ya 33, Mwenyezi Mungu anakataza wasichana kulazimishwa uchafu, kisha anamalizia kwa kutaja msamaha na rehema Yake baada ya kulazimishwa kwao. Muslim amepokea kwamba aya hiyo ilishuka kwa sababu ya vijakazi wa Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki, na majina ya wawili kati yao, Musayka na Umayma, yamehifadhiwa. Watumwa wawili wasio na jamaa wa kuwatetea walishtaki, na jibu likatoka mbinguni. Ya tatu, Wail bin Hujr anasimulia habari ya mwanamke aliyeshambuliwa njiani akienda kuswali zama za Mtume. Alipofikishwa mbele yake, Mtume alimwachia aende bila lawama. Hakumuuliza alivaa nini wala kwa nini alitoka.

Kinachotokea akilini

Sasa nizungumze kama muuguzi. Wengi huuliza: "Mbona jambo la zamani hivyo linanisumbua leo, na wakati ule nilikuwa nacheza na wenzangu kama kawaida?"

Mtoto mdogo hana maneno ya kueleza alichofanyiwa, hana nguvu za kupigana, na mara nyingi hana pa kukimbilia, kwa maana mtendaji ni mtu anayejulikana nyumbani. Mwili wake hujiokoa kwa njia uliyoiweza: huganda, au akili "hutoka" na kuwa kama inatazama kutoka darini. Hofu ile haipotei. Hubaki mwilini bila mpangilio. Ndiyo maana miaka kumi na tano baadaye harufu ya mafuta fulani ya nywele, kitasa cha mlango kinachogeuka usiku, au mtu kumgusa bega kwa nyuma huweza kumrudisha pale pale, moyo ukimwenda mbio kana kwamba jambo linatokea sasa. Madaktari hukiita kiwewe.

Wengine hupata sonona: uzito wa kuamka, kukosa ladha ya chakula, ya masomo, hata ya ibada. Wengine hawalali. Wengine huumwa tumbo, kichwa au nyonga mwaka hadi mwaka na vipimo havionyeshi kitu. Wengine hushikwa na wasiwasi wa twahara: anatia udhu mara nane, anaoga mpaka ngozi inachubuka, na kila mara anahisi bado. Huyo humwelezi tu masharti ya udhu, maana anayajua kukushinda. Anaosha kitu ambacho maji hayakifikii. Wengine hujikata, hunywa vileo au dawa za kulevya ili wasihisi, na wengine hufikiria kujiua.

Mwaka 1998 daktari Vincent Felitti na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti mkubwa uliofanyika San Diego, wakiwauliza maelfu ya watu wazima juu ya machungu ya utotoni, ukiwemo ukatili wa kijinsia. Waliopitia aina nne au zaidi za machungu hayo, ukiwalinganisha na wasiopitia lolote, walikuwa na hatari kubwa zaidi, kati ya mara 4 na mara 12, ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua. Tangu hapo tafiti nyingi zimethibitisha njia hiyo hiyo.

Mara nyingi jambo hulala, kisha likaamka katika vituo vinavyojulikana: msichana anapohamia chuoni na kuwa na utulivu kwa mara ya kwanza, anapoposwa, usiku wa ndoa, anapopimwa na mkunga, anapojifungua, au binti yake anapofikia umri ule ule aliokuwa nao yeye. Mume asiyejua hudhani kwamba hapendwi. Mkwe hudhani kwamba ni kiburi. Naye mwenyewe hudhani kwamba ana kichaa.

Hana kichaa. Na tuongeze jambo hili la kutia moyo: si kila aliyepitia haya huugua, na anayeugua hutibika. Moja ya mambo yanayosaidia sana ni mtoto kuaminiwa mara ya kwanza anapofungua kinywa.

"Swali, utapona"

Swali lingine la kwenye mikeka: "Je, huu si udhaifu wa imani?" Mara nyingi swali hili halikuanzia kwake, ameambiwa na mtu.

Nabii Yaqub (A.S.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe, na alikuwa Nabii. Bibi Maryam alipopatwa na uchungu kwenye shina la mtende alitamani kwamba angekufa kabla ya siku ile asahauliwe kabisa, na yeye ni mbora wa wanawake. Qur'ani haikuyaficha hayo, wala haikuwalaumu. Huzuni ni mzigo, na mbeba mzigo hapigwi kwa sababu anatoa jasho.

Swala ni nguzo na dhikri ni utulivu wa nyoyo, na sisemi tuache. Lakini Mtume (S.A.W.) aliyetufundisha kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na hamu na huzuni, ndiye huyo huyo aliyetuamrisha tujitibu. Bibi Aisha alikuwa akiagiza uji wa talbina apewe mgonjwa na mfiwa, kwa kuwa amemsikia Mtume akisema unautuliza moyo. Wazee wetu wa elimu walifahamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza hofu, huzuni na wasiwasi kama maradhi yenye tiba yake.

Tiba leo ipo. Ipo tiba ya mazungumzo ya mtu aliyesomea kiwewe, ipo tiba ya kuzipitia kumbukumbu kwa mpangilio na msaada, na zipo dawa za sonona ambazo si ulevi wala si haramu. Na ukisomewa ruqya, isomwe mbele ya mahram wako. Yeyote anayetaka kukusomea peke yenu chumbani, mlango umefungwa, toka. Hakuna ruqya inayohitaji khalwa.

Sitara si kifuniko cha dhulma

Hapa ndipo penye uzito wa makala yangu. Katika familia zetu, msichana akisema, neno la kwanza ni "sitiri". Sitiri familia. Sitiri jina la baba. Sitiri ustadhi wa madrasa. Na hadithi ya kumsitiri Muislamu husomwa juu ya kichwa cha mtoto anayelia.

Hadithi ni sahihi. Matumizi ndiyo mabovu. Imam Nawawi ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kwamba sitara ni kwa mtu asiyejulikana kwa madhara na ufisadi, aliyeteleza na jambo likapita. Ama mwenye kuwadhuru watu, kumsitiri kunampa ujasiri, na jambo lake hupelekwa kwa wenye mamlaka. Mtu anayewaingilia watoto ataacha lini, kama kila nyumba anayoingia inamfunikia?

Mwenyezi Mungu Mwenyewe katika Suratun Nisaa, aya ya 148, amebainisha kwamba hapendi ubaya utajwe hadharani, kisha akamtoa mmoja katika katazo hilo: aliyedhulumiwa. Na katika aya ya 135 ya sura hiyo hiyo ametuamrisha tusimame na haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Jamaa wametajwa kwa sababu Mola anajua kwamba hapo ndipo miguu hutetemeka.

Mtume (S.A.W.) naye alipokataza wanaume kuingia kwa wanawake, aliulizwa kuhusu ndugu wa mume. Akamfananisha na mauti. Angalieni alipoweka onyo kali kuliko yote: kwa mtu wa ndani, yule ambaye hakuna anayemwuliza anakwenda wapi. Sisi tunawafungia mabinti geti dhidi ya wapita njia, halafu tunawalaza chumba kimoja na binamu mkubwa aliyekuja kutafuta kazi mjini. Mafundisho ya kutenganisha malazi ya watoto wakifika miaka kumi na ya kubisha hodi katika nyakati tatu za faragha yamekuwepo kwetu karne zote hizi. Tuyatumie.

Na sheria ya nchi haipingani na hilo. Sheria ya Adhabu ya Uganda, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2007, inafanya kumwingilia mtoto wa chini ya miaka 18 kuwa jinai, na kosa huwa zito zaidi iwapo mtoto hajafika miaka 14 au mtendaji ni mzazi au mlezi wake. Wazee wakikaa barazani na kumaliza kwa mbuzi mmoja na soda, hawajafanya suluhu. Wameuza haki ya yatima aliye hai.

"Msamehe, ni ndugu yako"

Kusamehe ni jambo kubwa mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa. Hatolewi kwa nguvu mbele ya wajomba, wala hapewi siku ya mwisho ya kusamehe.

Tena kusamehe si kulazimishwa kukaa meza moja. Wahshi, aliyemuua Hamza ami yake Mtume, alikuja akasilimu, na Uislamu wake ukakubaliwa. Pamoja na hayo, kama ilivyo katika Sahih Bukhari, Mtume (S.A.W.) alimwomba, akiweza, uso wake usionekane mbele yake. Huyu ni mbora wa viumbe, mwenye moyo mpana kuliko bahari, na bado uso ule ulimrudishia maumivu. Basi msichana asiyetaka kwenda Idi kwenye nyumba fulani, wala kumpa mkono mtu fulani, asiambiwe amekata udugu. Udugu ulikatwa na yule aliyemgusa.

Tufanye nini

Kwako dada uliyepitia haya: huna deni la kumweleza kila mtu. Chagua mmoja mwenye amana na elimu. Anza na mshauri nasaha wa chuo au kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa iliyo karibu. Hapa Uganda Butabika ndiyo hospitali ya taifa ya maradhi ya akili, na kwenda huko si aibu. Na kama yule mtu bado yuko nyumbani na wadogo zako wanalala humo, hapo jambo si lako peke yako tena. Namba 116 ni ya bure kwa ajili ya kuwasaidia watoto hapa Uganda, na namba hiyo hiyo hutumika Kenya na Tanzania.

Kwa rafiki anayeambiwa: sikiliza. Usiulize "kwa nini hukupiga kelele". Mwambie unamwamini na kwamba kosa si lake. Usilipeleke kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa kumwombea dua. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake usiku huo. Mpeleke hospitali kama ambavyo ungempeleka anayevuja damu. Na kama ni mtoto aliyefanyiwa juzi, afikishwe hospitali ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, bila kuogeshwa na bila nguo zake kufuliwa, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifanyi kazi zikichelewa.

Kwa kaka anayejiandaa kuoa: usimfanye mkeo aeleze asichokuwa tayari kukieleza. Akishtuka, mpe muda. Upole wako ni sehemu ya tiba yake, na ni sehemu ya kukaa nao kwa wema tulikoamrishwa.

Kwa viongozi wa jumuiya na wasimamizi wa madrasa: vyumba vya kusomeshea viwe na madirisha yanayoonekana ndani, mwalimu asibaki na mtoto mmoja mlango umefungwa, na mtoto akishtaki, mwalimu asimamishwe hadi jambo lichunguzwe na vyombo vya sheria, hata kama sauti yake katika tilawa inatuliza.

Wapo watakaosema makala haya yanaaibisha Uislamu. Uislamu hauaibishwi na kilio cha mtoto. Unaaibishwa na sisi tunaoziba masikio kwa jina lake. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh kwenda Yemen alimwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwamba haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Dua hizo zinapanda kila usiku kutoka kwenye mabweni yetu. Tujiulize tu zinatutaja upande gani.

Ewe Mola, waponye waliojeruhiwa wakiwa wadogo, wape usingizi wasio na usingizi, na uwape wanaoshtaki watu wa kuwasikiliza. Wazuie madhalimu, walinde watoto wetu majumbani na madrasani, na utujaalie kuwa miongoni mwa wanaosimama na haki hata dhidi ya jamaa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.